Collingwood haikuanzishwa na John Wren

Juzi tena. Tumesimama nje ya Victoria Park, Melbourne, uwanja wa zamani wa Collingwood, klabu ya mpira wa kanuni za Kiaustralia; hata kundi sijamaliza kulisalimia, bwana mmoja kawageukia wenzake: "Hii klabu ilianzishwa na yule tajiri wa kamari, John Wren." Wote wakatikisa vichwa kukubali. Masikio yangu yamechoka.

Tuhesabu miaka basi. Collingwood iliundwa Februari 1892. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Carlton, hapo hapo Victoria Park, tarehe 7 Mei, na wakafungwa. Wren alizaliwa 1871. Klabu inaundwa, yeye ni kijana wa miaka ishirini tu, mtu wa kiwanda cha viatu. Kile kijiwe chake cha kamari cha mtaa wa Johnston, mbele duka la chai, nyuma watu wanawekea farasi dau, kilifunguliwa 1893. Sasa mtu anaanzishaje klabu kwa pesa ambazo hajazichuma? Baadaye alitajirika kweli, na timu aliipenda, wachezaji wakaonja ukarimu wake. Baadaye! Wengi wamelishwa na riwaya moja ya 1950 iliyomchora Wren kwa jina jingine na kukipa kitongoji cha Collingwood jina la Carringbush. Hadithi ikishakolea, tarehe hazina mtu.

Aliyestahili kutajwa ni William Beazley, mbunge wa Collingwood, rais wa kwanza wa klabu. Mbunge na mpira wapi na wapi? Majirani Fitzroy wana timu kwenye ligi kubwa ya wakati ule, VFA. Richmond wanayo. Carlton wanayo. Wapiga kura wako ndio Jumamosi wanavuka barabara kwenda kushangilia ya jirani. Na hali yenyewe ilikuwa mbaya: bei za ardhi Melbourne zimeporomoka, mwaka uliofuata benki zikaanza kufunga milango, na Collingwood ni mtaa wa vibarua wa viwandani. Watu wa namna hiyo ndio waliojaza uwanja, na viingilio vyao vya senti kidogo ndivyo vilivyoibeba timu.

Mengine nayapitia haraka. Eti ni Britannia iliyobadili jina: Britannia ilikuwa klabu ya daraja la chini iliyocheza Victoria Park kabla yao, na Collingwood iliandikishwa upya kabisa. Eti klabu ilizaliwa 1897: huo ni mwaka wa msimu wa kwanza wa VFL, ligi mpya ya klabu nane zilizojitenga na VFA. Collingwood wenyewe walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa VFA 1896, baada ya kulingana pointi na South Melbourne hadi ikachezwa mechi ya kuamua. Ubingwa wao wa kwanza wa VFL ulikuja 1902. Na hapana, si ragbi.

Yule bwana bado alikuwa na swali: kama Wren hakuianzisha, basi aliinunua? Nikamwambia klabu ni ya wanachama, haiuzwi. Akaniuliza choo kiko wapi.