Kusomea saikolojia katika chuo cha Kikristo si kujifunza kutoa nasaha

"Mwalimu, huyu msichana wangu kila mtu humwendea na shida zake, tena ameokoka. Nimeona asomee saikolojia." Wazazi wanaopita ofisini kwangu hapa Nakuru kuulizia kozi hunieleza hivyo karibu kila wiki. Jumanne nimeelezwa mara mbili kabla ya chai ya saa nne, ndipo nikaamua kuandika.

Wanaamini chuo cha Kikristo kitamfunza mtoto kuwaambia watu la kufanya, kisha kimpe aya za kutia muhuri. Lugha yetu imechangia. Kazi hii tunaiita ushauri nasaha, maneno mawili ambayo yote yana maana ya kumwelekeza mtu. Mtoto anaripoti mwaka wa kwanza nasaha zimemjaa mdomoni, nasi tunatumia miaka minne kumfundisha kuzizuia.

Katika kipindi cha mazoezi ninawaketisha wawili wawili. Mmoja anaigiza mjane aliyezika juzi, mwenzake anamsikiliza. Dakika tatu haziishi kabla msikilizaji hajafika Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao. Aya hiyo ninaiamini kwa moyo wote. Ila mjane bado hajataja linalomnyima usingizi: pengine ni mkopo wa chama, pengine ni mashemeji wanaotaka shamba, pengine aligombana na marehemu asubuhi ile ya mwisho. Aya iliyokuja mapema imemfunga mdomo, maana nani atabishana na Neno? Anaitikia amina na kurudi nyumbani na mzigo wake wote.

Wanafunzi wangu nawarudisha kwenye 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ameketi chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Maneno yanafuata baadaye sana, huko mlima Horebu, na ni swali: unafanya nini hapa? Mungu analiuliza mara mbili, na mara zote mbili anamwacha Eliya amalize malalamiko yake. Aliyesoma sura hiyo kwa makini hawezi kuniambia kwamba kusikiliza ni mambo ya kidunia.

Utafiti nao unasema hivyo hivyo. Mafuriko yalipoikumba Mai Mahiu, hapa kaunti ya Nakuru, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, watu wengi wenye nia njema walitamani kwenda kuwasaidia manusura kwa kuwataka wasimulie yote. Kikao kimoja cha kumsimulisha mtu maafa yaliyomkuta jana hakijaonekana kuzuia kiwewe, na wengine huwazidishia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kuunganisha ni kumpatia mtu blanketi, simu ya kumtafuta ndugu, na njia ya kufika hospitalini. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anafunzwa kutunza siri, kutambua hatari, na kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua, kwa sababu swali hilo halimtii mtu wazo. Anafunzwa pia kumpa mteja rufaa, yaani kumpeleka kwa mtaalamu mwingine, tatizo linapomzidi uwezo, jambo ambalo watoaji nasaha hodari hulikosa kabisa.

Kwa hiyo, wewe unayeitaka kozi hii, kabla ya kujaza fomu, nenda matangani. Keti na mfiwa nusu saa bila kumshauri chochote, na uhesabu mara ulizotaka kusema. Zoezi hili nimelipigia debe miaka mingi na sitaliacha.

Mengine ni mepesi. Wapo wanaoogopa kwamba saikolojia itamwibia mtoto imani kwa sababu Sigmund Freud, mmoja wa waasisi wake maarufu, hakumwamini Mungu. Freud tunamfundisha, na kwenye mtihani yumo, lakini taaluma hii ni pana kuliko mtu mmoja. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa akitoa mihadhara Edinburgh, Scotland, kuhusu hali za kidini mwaka 1901, na aliichukulia sala kwa uzito.

Wengine hudhani shahada ya chuo cha kanisa inatambulika kanisani tu. Vyuo vikuu vya Kikristo hapa Kenya vina hati ya serikali: Baraton iliipata mwaka 1991, Daystar 1994, Kabarak 2008. Tafadhali tuliache hilo.

Wapo wanaouliza kama mtoto ataandikia wagonjwa dawa. Hapana, mhitimu wetu haandiki dawa. Anayeandika ni daktari wa akili, aliyesomea udaktari kwanza. Wala hahitimu Ijumaa akafungua ofisi Jumatatu: tangu sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, ni lazima asajiliwe.

Halafu kuna hesabu. Watoto wanaikimbilia kozi hii wakidhani wameagana na namba. Mjerumani Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, alikuwa akipima muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga, na tangu hapo hatujaacha kupima. Takwimu ziko kwenye ratiba, na mradi wa mwaka wa nne hauandikiki bila hizo. Mwambie binti avitoe vitabu vyake vya kidato cha nne, arudie wastani na mchepuko wastani (standard deviation) likizo hii, kabla hajaripoti.