Ongeza RAM utakavyo, emuleta itabaki emuleta

"Papa, si unaongeza tu RAM?" Nimeshalisikia hilo swali mpaka basi. Mtu anafika kwenye atelye yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, na MacBook ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe) kwapani, anataka Windows ya kawaida kwa ajili ya programu ya uhasibu. Nikimwambia itakuwa nzito, ndipo linapokuja swali. Kwanza, RAM ya M1 haiongezwi, imefungwa pamoja na prosesa kiwandani. Pili, hata ingekuwa GB 64, ugonjwa hauko huko.

Windows hiyo imeandikwa kwa maagizo ya x86, lugha ya prosesa za Intel na AMD. M1 ni ARM, ukoo mwingine wa prosesa, haielewi hata agizo moja la x86. Anayeingia kati ni emuleta, yaani programu inayoigiza prosesa nyingine. Yangu ni QEMU, ambayo Fabrice Bellard aliianzisha na ikatoka mwaka 2003. Kazi yake ni ya mkalimani wa kanisani: pasta anahubiri kwa Kifaransa, yeye anageuza kwa Kiswahili, ibada inarefuka. Walau QEMU hukumbuka: fungu la maagizo likishageuzwa huwekwa akiba, likirudi halitafsiriwi upya.

Laiti ingekuwa kutafsiri tu! Agizo dogo la kujumlisha, ADD, kwenye x86 hugusa pia bendera sita za prosesa, yaani alama ndogo zinazoeleza jibu lilivyotoka, kama vile kuwa sifuri. QEMU kwa ujanja huahirisha kuzihesabu mpaka mtu aziulize. Kila anwani ya kumbukumbu nayo hupitia jedwali linaloendeshwa na programu kabla ya kufika kwenye RAM halisi.

Halafu kuna mpangilio wa kumbukumbu, ambao hakuna mteja anayetaka kuusikia. Prosesa ina viini kadhaa vinavyofanya kazi pamoja, na x86 inaahidi hivi: kiini kimoja kikiandika hesabu, kisha kikaandika "tayari", kiini kingine hakitaiona "tayari" kabla ya hesabu. ARM haitoi ahadi hiyo. Kiini cha pili kinaweza kuona "tayari" huku hesabu ikiwa ya zamani, na programu ikaharibika leo, kesho ikafanya kazi vizuri. Kwa hiyo emuleta hupachika vizuizi, maagizo ya kulazimisha mpangilio, na kila kizuizi kinakula muda. Apple waliiwekea M1 hali maalumu ya kufuata mpangilio wa x86, ndiyo maana Rosetta 2, mkalimani wao wa mwaka 2020, inakimbia. Lakini Rosetta hutafsiri programu, haiwashi mfumo mzima. Windows ya x86 kwenye M1, iwashe kisha nenda ukale bukari.

Mashini pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta isiyohitaji mkalimani wa prosesa, ni jambo jingine. KVM, iliyomo ndani ya Linux tangu 2007, huyapeleka maagizo moja kwa moja kwa prosesa ya aina ileile. Vitabu huchora mpaka safi kati yake na emuleta; mimi nauona una matundu, maana hata ndani ya KVM diski na kadi ya mtandao mara nyingi bado zinaigizwa na QEMU.

Mhasibu namwekea nini, basi? Windows 11 ya ARM ndani ya mashini pepe. Yenyewe hutafsiri programu za x86, na kwa uhasibu inatosha. Isipokuwa draiva, programu ndogo zinazoendesha vifaa. Draiva za keneli, zile zinazokaa ndani ya kiini cha Windows yenyewe, hazitafsiriwi kabisa, kwa hiyo printa kuukuu yenye draiva ya x86 peke yake haitachapa, na ufunguo wa leseni wa USB usio na draiva ya ARM ni plastiki tu. Njoo na printa na ufunguo wako, tuvijaribu kabla sijagusa kitu. Vikikataa, nunua mashini ya Intel iliyotumika, itakugharimu kidogo kuliko saa zangu.