Kabla Tumbo Halijaonekana

Mama wengi wanaofika kliniki yetu hapa Malindi kwa mara ya kwanza huwa na mimba ya miezi mitano, pengine sita. Sababu naijua, maana nimelelewa hukuhuku. Mimba haitangazwi mapema, macho ya watu si mazuri, na kina nyanya wameshasema ngoja kwanza ishike. Dada zangu wa kanisani nao huficha vivyo hivyo, ila wao husema wanamwachia Bwana. Mimi ni mkunga na pia ni Mkristo, na kinachonisumbua ni kwamba wanapofika, kazi nyeti kuliko zote imeshakwisha zamani.

Hesabu yetu huwachanganya watu. Wiki 40 tunazozitaja huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo hakuna mimba kabisa. Yai hata halijatoka. Likishakutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, hapo ndipo ninapoamini Mungu ameanza na mtu mpya. Ni chembe moja tu, inagawanyika huku ikisukumwa polepole, na baada ya wiki moja hivi inajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mama hana habari.

Ifikapo wiki ya tano, hedhi imechelewa siku chache tu. Kiumbe hakizidi punje ya ufuta. Mgongoni mwake kuna utepe bapa ambao kingo zake huinuka, zikajikunja na kukutana katikati, ukawa mrija. Huo ndio ubongo na uti wa mgongo. Mwisho wa wiki ya sita unatakiwa uwe umeshafunga. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga juu, ubongo na fuvu haviumbiki sawasawa, na mtoto huyo kwa kawaida haishi. Wiki hiyohiyo moyo huanza kudunda.

Vitamini iitwayo foliki hupunguza hatari hiyo sana, mikrogramu 400 kwa siku, lakini lazima iwe mwilini kabla mrija haujafunga, yaani kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Tembe tunazompa mwezi wa tano zina chuma na foliki, na zitamsaidia damu. Kwa mgongo wa mtoto, zimechelewa. Ndiyo maana nasema na mabibi harusi, si waja wazito peke yao, na wachungaji wanaofundisha wachumba wangeniazima nusu saa tu.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Lakini ukitoka mjini kuelekea Ganda au Marafa, sima nyingi ni ya mahindi ya shambani yaliyosagwa posho mill, hayakuongezwa chochote. Kunde, mchicha na maharagwe vina foliki. Basi tena tunachemsha mboga mpaka ilegee, maji tukamwaga, na sehemu nzuri ya foliki ikaenda nayo.

Daudi katika Zaburi ya 139 anasema aliumbwa kwa siri, na Mungu alimwona kabla hajakamilika. Zaburi hiyo husomwa sana tunapomtoa mtoto kanisani, amevaa kofia ya sufu kwenye joto hili letu. Mimi naisoma nikifikiria wiki ya tano. Mhubiri naye, katika kitabu chake, anatuambia hatujui jinsi mifupa ikuavyo tumboni mwa mja mzito. Siku hizi tunajua kiasi: mingi huanza kama gegedu laini, kisha madini yakajengeka humo. Sidhani Mhubiri angekasirika.

Mgongo wazi ukitokea, swali la kwanza wodini ni nani alimkosea Mungu. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hilohilo kuhusu kipofu, na jibu lake liko Yohana 9: si yeye, wala wazazi wake. Kwa hiyo mama asinyooshewe kidole, hata na mkunga. Wako waliomeza foliki vizuri na bado likawapata.

Wiki ya kumi vidole vimeachana na viungo vikubwa vimeshapata mahali pake. Yanayofuata ni kukua na kukomaa. Kondo la nyuma humlisha mtoto, lakini damu yake na ya mama hupita kila moja upande wake. Malaria huliingia kondo hilo, mtoto akakosa chakula na kuzaliwa mdogo, na mama anaweza asisikie homa yoyote. Kwa hiyo pwani hii tunatoa dawa ya kinga kuanzia wiki ya 13. Angalizo kwa wanaojinunulia dawa: foliki ya miligramu 5 huipunguzia nguvu dawa hiyo, ile ndogo ya mikrogramu 400 haina neno.

Elisabeti alikuwa mwezi wa sita Mariamu alipomsalimu, na mtoto akaruka. Luka analisema hilo kuwa kazi ya Roho, nami sina la kupunguza. Ila mwezi huo masikio ya mtoto yameshaanza kusikia, kwa hiyo baba, msemeshe mwanao.

Mapafu ndiyo ya mwisho. Vifuko vya hewa vinahitaji utelezi unaovizuia visigandamane, nao hautoshi mpaka karibu wiki ya 35. Uchungu ukianza kabla ya hapo, ipo sindano anayochomwa mama ili kuyaharakisha mapafu ya mtoto, na hufanya kazi vizuri ikipata kama siku nzima kabla ya kujifungua. Msikae nyumbani mkisubiri wazee wa kanisa wafike kwanza. Pandeni tuktuk, ombeni njiani.