Je, wajua kwa nini Saab za kizamani zilikuwa na friwili kama baiskeli?

Ukiwa kwenye baiskeli ukafika mteremkoni huwa unafanya nini? Unaacha kupiga pedeli, unatuliza miguu, na kule nyuma unasikia tik-tik-tik-tik, tairi linazunguka lakini mnyororo umesimama. Hiyo ndiyo friwili, kila mtu anaijua. Sasa chukua kitu hichohicho ukifunge kwenye gari, tena gari zima la chuma lenye watu wanne ndani, uko spidi 80 kwenye gia ya juu kabisa, unaondoa mguu kwenye mafuta na injini inashuka yenyewe mpaka sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, inabaki inasema pop… pop-pop… pop, na gari inaendelea kuteleza mbele kimya kimya. Ndivyo zilivyo Saab za kizamani za Sweden, zile zenye mgongo wa mviringo. Mimi mara ya kwanza kuendesha Saab 96 niliangalia gia mara mbili nikidhani imechomoka, maana mwili wote ulikuwa unasubiri injini ivute gari kwa nyuma na haikuvuta kitu.

Na siyo kwamba imeharibika, wameifanya hivyo makusudi. Sababu yake inaanzia kwenye oili, ila ukiifuatilia inakupeleka mbali sana, mpaka kwenye namna madereva wa rali wanavyokanyaga breki hadi leo, na ndiyo maana hii stori naipenda kuliko stori nyingine zote za magari.

Tuanze na injini. Saab ilianzishwa 1937 kwa ajili ya kutengeneza ndege, wala magari hayakuwa kwenye mpango. Vita Kuu ya Pili ilipoisha ikabidi watafute kazi nyingine, timu ndogo chini ya injinia Gunnar Ljungström pamoja na mchoraji Sixten Sason ikapewa kazi ya kubuni gari dogo, na ukiisimamia pembeni ile bodi unaona kabisa hawa ni watu wa ndege, imekaa kama bawa. Kwa upande wa injini wakawaangalia DKW, kampuni ya magari ya Ujerumani: tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, inayovuta tairi za mbele. Saab 92 ikaanza kutoka kiwandani Desemba 1949 ikiwa na silinda mbili, cc 764 na hospawa 25, na miaka ya mwanzo zote zilipakwa kijani, hakuna rangi nyingine. Mwishoni mwa 1955 ikaja 93 ya silinda tatu, halafu 1960 ikaja 96 yenye cc 841 na hospawa 38. Ndiyo, 38, na hii ndiyo iliyokuja kushinda rali kubwa kubwa.

Uzuri wa tu-stroki ni kwamba haina mambo mengi. Hakuna valvu, hakuna kamshafti, hakuna taimingi cheni. Kwenye injini ya Saab ya silinda tatu vitu vikubwa vinavyotembea ni saba tu: pistoni tatu, koni rodi tatu zinazoziunganisha na krenki, na krenki moja, yaani ile shafti inayozungushwa na pistoni, basi. Na hakuna sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kama gari za kawaida, kwa sababu hewa na petroli vinapita kwanza chini, kule kwenye krenki, ndipo vinapanda juu kwenye silinda, kwa hiyo huwezi kuweka dimbwi la oili pale. Oili unaichanganya na petroli palepale kwenye tanki, kama lita moja ya oili kwa lita 25 mpaka 33 za petroli, na mchanganyiko ule ukiwa unapita unalainisha beringi na kuta za silinda ukielekea kuchomwa. Ndiyo maana wanatoa ule moshi wa bluu na ile harufu ambayo ukiizoea hata gari ikiwa imekupita zamani unajua ni nini kilichopita.

Ubaya wake sasa. Oili inaingia pale tu mafuta yanapoingia. Ukikanyaga, inakunywa oili, ukiachia, oili inakatika. Chukua mteremko mrefu, gari ya kawaida dereva anaacha mguu na injini inafanya kazi ya breki, tairi ndizo zinaizungusha injini. Kwa tu-stroki hapo ndipo kifo kilipo: krenki inazunguka labda mara elfu nne kwa dakika, kabureta imefungwa, oili inayoingia ni ya kuilainisha injini iliyo sailensa. Dakika moja, mbili, pistoni inapata joto, inavimba, inakwangua ukuta wa silinda, na injini inanoki na kukwama hukohuko mlimani. Waliowahi kumiliki pikipiki za tu-stroki wanajua vizuri ninachosema.

Basi dawa ni friwili. Ndani ya giaboksi kuna ringi mbili, moja ndani ya mwenzake, na katikati yake kuna rola ndogo za chuma zimekaa kwenye nafasi zilizoinama, upande mmoja pana upande mwingine nyembamba. Injini ikisukuma, rola zinasogea kwenye wembamba zinabana na ringi zote mbili zinakuwa kitu kimoja, gari inakwenda. Tairi zikitaka kukimbia kuliko injini, rola zinarudi kwenye upana, zinaachia, injini inashuka zake sailensa ambako ile oili kidogo inayoingia inaitosha kabisa. Kuna kimpini unaweza kukitumia kuifunga friwili kama unahitaji injini ikusaidie kuzuia gari, ila ukijua hatari yake. Na Saab hawakuwa peke yao, Wartburg ya Ujerumani Mashariki ilikuwa nayo, Trabant ilikuwa nayo kwenye gia ya nne tu, zote tu-stroki, zote ugonjwa mmoja.

Friwili ikaleta mambo mawili ambayo sidhani kama kuna mtu alikaa akayapanga. La kwanza, ukiachia mafuta hakuna kinachoisukuma giaboksi, kwa hiyo unaweza kubadilisha gia bila kugusa klachi kabisa, unaachia, unasogeza, unakanyaga tena, klachi unaihitaji tu ukianza kuondoka. Maana yake mguu wa kushoto hauna kazi. La pili, gari haina breki ya injini, kila kitu ni breki za miguuni, na ukiachia mafuta kabla ya kona injini inalala, halafu ukikanyaga tena inabidi usubiri ipande mpaka ifikie spidi ya tairi ndipo rola zibane na gari ianze kuvuta. Kwenda dukani haina shida. Kwenye rali, na injini ya hospawa 38 ambayo chini haina kitu nguvu yake yote iko juu kwenye raundi kubwa, kila kona unapoteza sekunde ambazo hutazipata tena.

Hapo ndipo anaingia Erik Carlsson. Jitu la watu, mwili mkubwa, mzaliwa wa Trollhättan mji wenyewe wa Saab, 1929. Yeye alichofanya ni kutoachia mafuta. Mguu wa kulia unabaki chini, injini inalia juu juu, na breki anaikanyaga na mguu wa kushoto. Anatajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuipeleka mbinu hiyo kwenye rali, na matokeo yake yameandikwa: RAC Rally ya Uingereza 1960, 1961 na 1962, mara tatu mfululizo, Acropolis ya Ugiriki 1961, Monte Carlo 1962 na 1963. Alikuwa anashindana na gari zenye injini mara mbili, mara tatu ya kwake. Sweden walimwita Carlsson wa juu ya paa kwa vile alivyokuwa anapindua gari na kuendelea na safari. Kuna ile stori ya Safari Rally ya Afrika Mashariki pia, amekwama kwenye tope, hakuna njia ya kutoka, akaibingirisha gari juu ya paa lake mpaka ikasimama pakavu, akaondoka. 1964 alimaliza wa pili kwenye hiyo Safari, na kabla yake 1962 Pat Moss, mwanamke dereva wa rali wa Uingereza ambaye baadaye wakaoana, alimaliza wa tatu na Saab hiyohiyo.

Lakini kwa nini breki na mafuta kwa pamoja isaidie? Si vinapingana? Hapa naomba tuende polepole maana ndipo utamu ulipo. Gari inayovutwa na tairi za mbele ina tabia moja ukiingia kona kwa kasi kwenye changarawe: pua inakataa. Unakata usukani, gari inaendelea mbele moja kwa moja kama haijakusikia. Tairi za mbele zinafanya kazi mbili, kuvuta na kukata kona, zimechoka. Sasa ukigusa breki huku mafuta yako palepale, breki inataka kuzisimamisha tairi zote nne, ila zile za mbele injini inazilazimisha kuzunguka kwa hiyo hazifungi, zinaendelea kufuata usukani. Za nyuma hazina wa kuzitetea, zinapunguza mzunguko, zinakosa mshiko, mkia unaanza kutoka nje taratibu, na mkia ukitoka nje pua inaingia ndani. Wakati huohuo uzito umesogea mbele, tairi za mbele zimebanwa chini zinashika zaidi. Ukiona imetosha unaachia breki tu, mguu wa mafuta haujacheza, injini iko raundi zilezile, rola za friwili zimebana muda wote, na gari inatoka kwenye kona ikiwa tayari inavuta. Hiyo hendibreki haifanyi, hendibreki inakutupa mara moja halafu ujitegemee, hii unaipima kwa unyayo.

Kuijifunza ni kazi. Mguu wa kushoto miaka yote umefundishwa jambo moja, kuminya klachi mpaka chini, kwa hiyo siku ya kwanza nimejaribu kwenye uwanja wa changarawe tuliopanga koni za plastiki, nimeigusa breki kidogo tu kwa mawazo yangu na gari ikasimama wima mkanda ukanikaba kifua. Ilinichukua wikiendi kadhaa. Nilikuwa nakaa na kisigino kimegusa sakafu, nasukuma kwa vidole tu, spidi 20, spidi 30, nazunguka koni moja mpaka mkia ukaanza kunisikiliza. Siku ulipotoka vizuri na kurudi vizuri nilizunguka koni ileile mara kumi nyingine bila sababu. Kama unataka kujaribu tafuta sehemu iliyofungwa, isiyo na mtu, siyo barabarani kamwe.

Kuanzia modeli za mwaka 1967 Saab wakaachana polepole na tu-stroki, 96 ikawekewa injini ya V4 ya Ford, ya kawaida yenye sampo yake ya oili, na mwaka uliofuata tu-stroki ikaondoka kabisa. Friwili hawakuiondoa. Oili haikuwa shida tena ila ilisaidia kubana mafuta na watu walishazoea kubadilisha gia bila klachi, ikabaki mpaka 96 ya mwisho ilipotoka kiwandani Finland Januari 1980. Na ule mguu wa kushoto nao ulibaki. Stig Blomqvist, dereva mwingine wa Sweden, alishinda RAC 1971 na Swedish Rally 1971, 1972 na 1973 akiwa na V4, halafu akaenda Audi, kwenye ile quattro, gari lao la kuvuta tairi zote nne, ambayo pua yake ilikuwa nzito na inakataa kona vilevile, na mbinu ileile ikafanya kazi, akawa bingwa wa dunia 1984. Walter Röhrl, mmoja wa madereva bora waliowahi kuwepo, naye alipofika Audi ilibidi akae chini ajifunze mguu wa kushoto upya.

Watu wananiuliza kwa nini kwenye hizi mbio zetu ndogo za wikiendi tunahangaika na magari ambayo vipuri vyake unavitafuta miezi mitatu. Nina sababu nyingi ila moja inahusu hili hasa. Gari nyingi za sasa pedeli ya mafuta haina kebo, ni sensa, na kompyuta ikiona breki na mafuta vimekanyagwa pamoja inadhani umechanganyikiwa, inakata nguvu ya injini. Kwa usalama wa barabarani wamefanya vizuri kabisa. Ila kwenye kona ya changarawe ule mguu wa kushoto unakuwa umefungwa pingu. Kwenye Saab ya 1965 pedeli imeungana moja kwa moja na kabureta, ukikanyaga vyote viwili inakupa vyote viwili, haikuulizi.