Roshani ya ghorofa: anza na kochi, si na ua

Kosa linalojirudia kwenye ghorofa za Nairobi ni mimea kupangwa impendeze mpita njia, huku mwenye nyumba akiwa kwenye kochi haoni hata jani. Ukingo wa dirisha mara nyingi uko sentimita 90 kutoka sakafuni, kwa hivyo mshubiri (alovera) ukiuweka chini umeuficha. Kaa pale unaponywea chai, mwenzako asimamishe fimbo roshanini na kupandisha kidole juu yake mpaka ukione. Hapo ndipo maua yanapaswa kufika.

Kisha mwanga wa jua, na hapa ndipo wengi huteleza. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Roshani inayotazama kaskazini hupata jua la adhuhuri kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba; ya kusini, miezi iliyobaki. Mgawo huo si wa haki: kaskazini huangukiwa na mawingu na baridi ya Juni hadi Agosti, kusini hupata Januari na Februari, jua kavu. Mshubiri hustawi kusini. Kaskazini, ukiumwagilia Julai kama ulivyozoea Februari, mizizi itaoza, maana udongo haukauki.

Ndoo tupu ya rangi ya lita 20 inatosha kupandia. Toboa matundu 6 ya sentimita 1 chini, funika kwa kipande cha neti, inua juu ya matofali. Kokoto chini ya ndoo? Hapana. Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe, kwa hivyo unasogeza tope karibu na mizizi. Changanya udongo mwekundu ndoo 1, mchanga wa mto ndoo 1, samadi iliyooza nusu. Udongo mweusi, ule wa Embakasi, uache: ukikauka hunywea na kuachana na ndoo, maji yakapita kando moja kwa moja hadi kwenye nguo za jirani wa chini. Ndoo iliyolowa hupita kilo 30. Ikae kando ya ukuta wa nyumba, mbali na ukingo wa nje.

Mshubiri ukichanua, chozi, ndege mdogo anayefyonza maua, atakuja, na kioo cha dirisha kitamdanganya akigonge. Ning'iniza kamba nyembamba nje ya dirisha, moja kila sentimita 10. Stika moja ya mwewe ni pambo tu. Ndege hupita kando yake.

Sahani ya maji ya ndege iwe na kina cha sentimita 3, jiwe katikati. Badilisha maji kila siku ya pili, kabla viluwiluwi havijawa mbu, na ya zamani uyamwage kwenye ndoo iliyokauka.