Maegesho ya watu wenye ulemavu: yanayosemwa na yalivyo

Muulize dereva yeyote kwa nini egesho lenye alama ya kiti cha magurudumu hutengwa. Atakujibu: ili mwenye ulemavu asitembee mbali. Ni jibu la kweli, ila limeacha jambo kubwa zaidi, na makosa mengi yanayofanyika kwenye maegesho hayo yanaanzia hapo. Kinacholifanya egesho lile limfae mtu ni upana wake.

"Zimetengwa kwa sababu ziko karibu na mlango"

Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu sm 180. Likiegeshwa katikati ya nafasi ya sm 240, na jirani naye akaegesha vivyo hivyo, kati yao hubaki kama sm 60. Mtu mwembamba anapita kwa kujibanza. Kiti cha magurudumu peke yake kina upana wa sm 60 hadi 70, na hapo mlango wa gari bado haujafunguliwa.

Sasa tazama dereva anayetumia kiti hicho anavyoshuka. Anafungua mlango hadi mwisho, kwa kuwa kiti lazima kikae kati ya mlango na kiti cha dereva. Ananyanyua fremu kutoka upande wa abiria, anaipitisha kati ya kifua chake na usukani, anaiteremsha chini, kisha anachomeka magurudumu moja baada ya jingine. Anakisogeza kiti kwa mshazari hadi kiguse gari, anafunga breki zote mbili, anaweka mkono mmoja juu ya mto wa kiti na mwingine kwenye kiti cha gari, anajinyanyua na kuhama. Mlango ukipungukiwa hata robo ya safari yake, hatua zote hizo zinakufa palepale.

Ndiyo sababu viwango vya Marekani vinataka nafasi ya gari dogo isipungue sm 244, na ubavuni mwake iwepo njia ya wazi ya sm 152. Kwa gari kubwa linaloshusha rampu ubavuni, nafasi huwa sm 335 pamoja na njia ya sm 152, au nafasi na njia kila moja iwe sm 244. Rampu yenyewe ikishafunguka inakula zaidi ya mita moja, na kiti kikifika chini kinahitaji pa kugeukia.

"Pale kwenye mistari ya mshazari ni pa bure"

Ile mistari ndiyo njia ya wazi tunayoizungumzia. Haegeshi mtu pale, hata mwenye kibali, yaani kadi rasmi ya kuegesha kwenye nafasi za watu wenye ulemavu. Lakini ndipo pikipiki zinapopenda kukaa, ndipo toroli za dukani zinapoachwa, na ndipo mwenye mzigo anaposhusha maboksi yake "kidogo tu".

Anayeziba njia hiyo mara nyingi hamwoni anayemuumiza, maana gari la mwenye ulemavu linakuwa limeshaegeshwa na mwenyewe ameshaingia ndani. Alishuka saa tatu bila shida. Anarudi saa tano, anakuta pikipiki imesimama kwenye mistari, na mlango wake haufunguki zaidi ya kiganja. Hana la kufanya ila kumsubiri mwenye pikipiki, au kumkabidhi mtu asiyemjua funguo za gari amtolee kinyumenyume.

Utawaona pia baadhi ya madereva wenye ulemavu wakiingia kwa kurudi nyuma. Wala si madoido. Njia ya wazi mara nyingi iko upande mmoja tu, nao wanautaka upande huo uwe wa mlango wao.

"Dakika mbili tu, na akija ninaondoka"

Aje vipi? Mwenye gari lenye rampu akikuta nafasi imeshikwa hawezi kusimama katikati ya njia, kuteremka, akagonge kioo chako aombe kupishwa. Nafasi ya kuteremkia ndiyo hasa anayoikosa. Anachofanya ni kuzunguka mara moja au mbili, halafu anaondoka. Wewe unamaliza dakika zako mbili, unatazama kushoto na kulia, humwoni aliyesumbuka, unahitimisha kwamba hukumkosea mtu.

Kuacha injini ikinguruma au kuwasha taa za dharura hakubadilishi kitu. Sheria nyingi za maegesho zinahesabu gari lililosimama kwenye nafasi hiyo bila kibali kuwa limekosea, dereva awe ndani au nje.

"Kila nikipita ziko tupu"

Marekani kipimo cha chini ni nafasi 1 kwa kila 25 katika maegesho yasiyozidi 100. Ukiona mbili tupu kati ya hamsini, hesabu imefanya kazi yake: anayefuata ataingia. Dereva wa kawaida akikosa nafasi hapa anaegesha pale. Mwenye kiti cha magurudumu akizikosa hizo mbili, zile arobaini na nane zilizobaki hazimsaidii.

"Anatembea mwenyewe, basi kibali ni cha kughushi"

Alama ndiyo inayowapotosha watu. Ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, bila kichwa. Kichwa kiliongezwa baadaye na Karl Montan. Ilitakiwa iwe ishara moja inayosomeka kwa mbali, na kiti cha magurudumu kikachaguliwa kwa kuwa kinatambulika upesi. Haikukusudiwa kuwa orodha ya wanaostahili.

Orodha yenyewe ni ndefu kuliko picha. Kanuni za shirikisho za Marekani zinamhesabu mtu asiyeweza kutembea futi 200, yaani kama mita 61, bila kusimama kupumzika; anayetumia mtungi wa oksijeni wa kubebeka; ambaye mapafu yake hayawezi kutoa hata lita moja ya hewa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu; na mwenye ugonjwa wa moyo uliofika daraja la tatu au la nne. Wote hao unaweza kuwaona wakishuka na kutembea wima. England ilikwenda mbali zaidi Agosti 2019, ikawafungulia mlango watu wenye ulemavu usioonekana, wakiwamo wale ambao safari ya kutoka kwenye gari hadi wanakokwenda huwaletea dhiki kubwa ya akili.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji halijui: unamwona mtu akianza safari, humwoni akiimaliza. Mwenye baridi yabisi anaweza kuingia dukani kwa mwendo wa kawaida na kurudi akishikilia kila gari analolipita. Kumvamia mtu na kumtaka athibitishe ugonjwa wake mbele ya wapita njia ni ukorofi, na mara nyingi unakuwa umemkosea asiye na hatia. Swali la haki ni moja tu: kibali kipo kiooni, na hakijaisha muda?

"Kibali ni cha gari, na gari ni la familia"

Hapa ndipo udanganyifu mwingi ulipo, kuliko hata kwenye kughushi. Kibali hufuata mtu. Mwenye nacho anaweza kukitumia ndani ya teksi, ndani ya gari la mwanawe au la jirani, almuradi yeye mwenyewe yumo safarini. Asipokuwapo, kile ni kipande cha plastiki.

Kumpeleka mama hospitali, ukamshusha mlangoni, ukaegesha kwenye nafasi hiyo ili umfuate ndani na kurudi naye: halali, safari ni yake. Kwenda kumchukulia mama dawa naye yuko nyumbani amelala: kosa, hata kama dawa ni zake. Wengi hunasa kwenye tofauti hiyo, tena kwa nia njema kabisa. Kuendelea kukitumia kibali cha marehemu hakuna utetezi. England kinatakiwa kirudishwe kwa mamlaka iliyokitoa, na kukitumia vibaya kunaweza kumletea mtu faini ya hadi pauni 1,000.

Wakaguzi wana mambo yao wanayoyatazama. Wanaangalia tarehe ya mwisho, wanalinganisha namba ya kibali na orodha ya vilivyoripotiwa kuibiwa au kufutwa, wanatafuta alama ya usalama ambayo mashine ya kunakilia haiwezi kuitoa, kisha wanaomba kuona upande wenye picha. Nakala ya rangi iliyotiwa laminesheni hujitambulisha yenyewe: inang'aa sawasawa kila mahali, na alama ya usalama imegeuka doa la kijivu.

Wapo pia wenye haki wanaopigwa faini kwa uzembe mdogo. Kadi ya England hulazwa juu ya dashibodi, upande wa alama ukiwa juu. Ukiilaza upande wa picha umeificha tarehe. Ile ya Marekani hutundikwa kwenye kioo cha kati gari likishasimama, na huondolewa kabla ya kuendesha, maana inaziba macho ya dereva pembeni, hasa mtu anapovuka barabara.

"Ukiwa nacho unaegesha popote, tena bure"

Popote, hapana. England kibali kinaruhusu kusimama kwenye mistari miwili ya njano, ambako wengine hawaruhusiwi kuegesha, kwa saa 3, saa ya kadi iliyowekwa kwenye dashibodi ikionyesha muda uliofika, isipokuwa palipokatazwa kupakia na kushusha mizigo. Maegesho ya binafsi yana masharti yake.

Neno "bure" linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo linalofuga wadanganyifu. Mji ukisema mwenye kibali halipi mita ya maegesho na anaweza kukaa siku nzima, kibali kimegeuka kuwa na thamani ya fedha kwa kila anayefanya kazi katikati ya mji huo, mgonjwa na mzima. Hapo ndipo vibali vya bibi vinapoanza kuonekana kwenye magari ya wajukuu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Na gari likikaa kutwa nzima, mwenye ulemavu aliyekuja kwa shughuli ya nusu saa hapati pa kusimama. Ofa iliyowekwa kwa ajili yake imemfungia nje.

Michigan, jimbo la Marekani, waliligawa jambo hili: msamaha wa mita hupewa wale tu ambao ulemavu wao unawazuia kutia sarafu au kuifikia mashine. Mji wa Portland, jimboni Oregon, nao Julai 2014 waliondoa msamaha wa jumla, wakawabakizia watumiaji wa viti vya magurudumu. Wako wanaoona ni ukatili, na ni kweli kwamba watu wengi wenye ulemavu kipato chao ni kidogo. Lakini kutoweza kulipa na kutoweza kuifikia mashine ni shida mbili, na kuzitibu kwa dawa moja ndiko kulikozaa soko la vibali.

"Mjamzito, mzee na mwenye mtoto mchanga wanaruhusiwa"

Kwa kawaida umri peke yake hautoshi, wala ujauzito. Mwenye mguu uliovunjika au aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga ana njia yake: kibali cha muda, ambacho Marekani kwa kawaida huwa chekundu na hakizidi miezi sita.

"Tumeshapaka alama, kazi imekwisha"

Hili ni la wenye majengo. Alama iliyochorwa sakafuni hufunikwa na gari la kwanza linaloingia. Kwa hiyo panahitajika kibao kilichosimama, ukingo wake wa chini ukiwa walau sm 152 kutoka ardhini, kionekane hata gari likiwa limeegeshwa. Mteremko wa sakafu usizidi 1 kwa 48, yaani kama sm 2 kwa kila mita. Ukizidi hapo, kiti kinaanza kujiendea wakati mwenyewe yuko nusu ndani nusu nje ya gari. Kokoto na vitofali vilivyolegea hunasa magurudumu madogo ya mbele. Na rampu ya kupandia barazani isijengwe ikaingia ndani ya njia ya wazi. Mafundi hupenda kuiweka hapo kwa sababu panaonekana pana nafasi, na matokeo yake ni kiti kusimama upande upande.

Kosa linalofanywa kwa moyo mweupe kuliko yote ni koni. Msimamizi anaweka koni au mnyororo ili wasiostahili wasiingie. Sasa mwenye ulemavu amefika peke yake: nani aiondoe koni? Yeye hawezi kushuka mpaka aegeshe, na hawezi kuegesha mpaka koni itoke. Ikiwa lazima ziwekwe, basi awepo mlinzi anayeiona nafasi hiyo muda wote na kuiondoa gari linapokata kona, bila kusubiri honi.

"Kuripoti hakusaidii"

Husaidia pale taarifa inapokuwa kamili. Andika namba ya gari, mahali penyewe na saa. Piga picha moja inayoonyesha gari zima pamoja na kibao, na nyingine ya kioo cha mbele ionekane kama kibali kipo au hakipo. Kikiwapo, namba na tarehe zisomeke. Uso wa mtu hauhitajiki, na maelezo ya unavyodhani anaumwa au haumwi yaache. Mtaani, peleka kwa mamlaka inayosimamia maegesho. Kwenye maegesho ya duka au ofisi, anza na msimamizi wa jengo, kwa kuwa mara nyingi mkaguzi wa mtaani hana mamlaka ya kutoza faini ndani ya uzio wa mtu.