Je, sanamu ya Rhodes ilitanua miguu juu ya mlango wa bandari?

Wengi wanaozuru bandari ya Mandraki, kisiwani Rhodes nchini Ugiriki, huamini kwamba sanamu ya kale ya mungu-jua ilisimama mlangoni, mguu mmoja huku na mwingine kule, meli zikipita chini yake. Leo pana nguzo mbili zenye sanamu za ayala, dume na jike, kwa hiyo ni rahisi kuiona picha hiyo akilini.

Sanamu yenyewe ilikuwapo kweli. Ilikamilika karibu mwaka 280 KK, ikiwa na shaba kwa nje, chuma na mawe kwa ndani, na kimo cha dhiraa 70, yaani mita 30 na ushei. Tetemeko la ardhi liliivunja magotini mnamo 226 KK. Hapo ndipo penye jibu. Maandishi ya kale yanaeleza kwamba vipande vilibaki vimelala ardhini kwa karne nyingi, watu wakienda kuvitazama, na wachache tu waliweza kukikumbatia kidole gumba chake. Ingesimama juu ya maji, ingeangukia majini na kuziba bandari. Tena ujenzi ulichukua miaka ipatayo 12. Mji uliokula kwa biashara ya bahari ungefungaje mlango wake muda wote huo?

Michoro maarufu ya miguu iliyotanuliwa ni ya karne ya 16 na baadaye. Ukikutana na mmoja, tafuta kwanza umechorwa lini. Kisha fungua ramani ya setilaiti, upime upana wa mlango wa Mandraki na uulinganishe na kimo kile.